Fomula ijishushe yenyewe kolamu nzima bila kuburuta: njia ipi haivunjiki?

#1 KolamuNdefu
Salaam wakuu. Nina shiti ya mistari 12,000. B ni idadi, C ni bei, D nataka B mara C. Nimeandika =B2*C2 kwenye D2, nikabofya mara mbili kile kimraba cha kona ya chini kulia. Inashuka hadi mstari wa 217 inagoma. Kompyuta nyingine, faili lilelile, inafika mwisho. Halafu kila siku mistari mipya inaongezwa chini na D inabaki tupu mpaka mtu aburute tena. Nataka niandike mara moja, mengine yajiendeshe. Mimi natumia Excel, wenzangu wawili wako Google Sheets, mmoja LibreOffice Calc.

#2 MzeeWaDola
Hayo ni maswali mawili, usiyafunge kamba moja.

La 217: ukibofya mara mbili, Excel haijui unataka kufika wapi. Inachungulia kolamu ya jirani na kushuka nayo. Jirani akiwa na seli tupu, safari imeisha. Kaangalie C218, bila shaka ni tupu.

Dawa yake usibofye. Kwenye kile kisanduku cha jina juu kushoto, panapoandikwa anwani ya seli, andika D2:D12001 ubonyeze Enter. Eneo lote linachaguliwa. Andika =B2*C2 kisha Ctrl+Enter, si Enter peke yake. Kila seli inapata fomula yake, na namba za mstari zinajirekebisha. Kama fomula tayari iko D2, chagua eneo hilohilo ubonyeze Ctrl+D.

#3 seli_tupu
MzeeWaDola, hiyo ya jirani ni ya matoleo ya zamani. Kuanzia Excel 2010 inaangalia bonge zima la data linalogusana, si kolamu moja. C218 ikiwa tupu lakini A218 na B218 zina kitu, fomula inapita. Kinachoisimamisha ni mstari mzima mtupu, au kolamu nzima tupu iliyoachwa kati ya data na D.

Na usisahau chujio (filter). Likiwa limewashwa, kuburuta na Ctrl+D vinajaza mistari inayoonekana tu. Ukiliondoa unakuta matundu. Tazama namba za mistari pembeni kushoto: zikiwa za bluu na zinaruka, chujio lipo. Mistari uliyoificha kwa mkono ni kesi nyingine, hiyo inajazwa pamoja na inayoonekana.

#4 MzeeWaDola
Nimekubali nusu. Kompyuta mbili, faili moja, matokeo tofauti: hiyo inanuka tofauti ya matoleo, si mstari mtupu. Mstari mtupu ungesimamisha kote kuwili.

#5 seli_tupu
Au moja ilifunguliwa ikiwa na chujio. Mwenye mali atuambie.

#6 Bi_Jedwali
Mnamfundisha kuburuta vizuri wakati ameomba asiburute kabisa.

Bofya seli yoyote ndani ya data, Ctrl+T, hakikisha tiki ya vichwa vya kolamu ipo, Enter. Sasa ni jedwali. Kwenye D2 andika = halafu bofya B2, andika *, bofya C2. Utaona =[@Idadi]*[@Bei]. Bonyeza Enter mara moja tu, kolamu yote inajaa hadi mwisho, matundu yawepo yasiwepo. Mstari mpya ukiuandika chini ya wa mwisho, jedwali linaumeza na fomula inaingia yenyewe.

Panapoharibika:

Isipojaa, nenda File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, ukurasa wa AutoFormat As You Type. Kuna tiki ya kujaza fomula kwenye majedwali. Watu huizima bila kujua: fomula ikijaa, kinatokea kialama kidogo pembeni, mtu anakibofya akidhani anafuta kosa la mara moja, kumbe amezima tabia yote.

Shiti ikifungwa kwa nywila, jedwali halikui. Hata ukifungua kufuli za seli za chini, halikui. Hili huwasumbua wengi na halina swichi ya kubofya. Ama unaacha shiti wazi, ama unaandika makro (programu ndogo ndani ya Excel) inayofungua, kuongeza mstari na kufunga tena.

La tatu ni baya zaidi kwa sababu halipigi kelele. Mtu akiandika namba ya mkono juu ya fomula kwenye seli moja katikati, Excel inaweka pembetatu ya kijani kwenye kona na kuendelea na maisha. Jumla yako imeshaharibika. Bofya ile pembetatu, kuna chaguo la kurudisha fomula ya kolamu.

#7 KasukuWaShiti
Mpaka hapa: kimraba, Ctrl+D, Ctrl+Enter, Ctrl+T. Bado kidogo tumalize kibodi yote.

#8 PembeTatu
Bi_Jedwali umesahau moja. Wakati mwingine ukibadilisha fomula ya kolamu, mistari ya zamani inafuata, lakini mstari mpya unakuja na fomula ya kale. Jedwali linatunza fomula yake "rasmi" kando na unachokiona kwenye seli. Futa kolamu yote ya D chini ya kichwa ibaki tupu kabisa, andika fomula upya D2, Enter. Kubandika fomula juu ya zile za zamani hakutoshi kila mara.

#9 Bi_Jedwali
Kweli kabisa. Asante.

#10 MojaKwaWote
Hao wenzake wawili wa Google Sheets hamjawagusa. Huko fomula moja kwenye seli moja inaweza kutawala kolamu nzima:

=ARRAYFORMULA(IF(B2:B="","",B2:B*C2:C))

Iweke D2, D3 kwenda chini iwe tupu. B2:B maana yake ni kuanzia mstari wa 2 hadi mwisho wa shiti, hata mistari ikiongezeka kesho. Ukiandika =B2:B*C2:C kisha Ctrl+Shift+Enter, Sheets inakuvisha neno ARRAYFORMULA yenyewe. Ile IF ni ya lazima, bila hiyo utapata sifuri mpaka chini kabisa.

Ikitokea #REF!, usiiguse fomula. Peleka kipanya juu ya seli, itakuambia ni seli ipi iliyozuia njia. Mtu ameandika kitu D87, hata nafasi moja tu isiyoonekana. Ifute, kolamu nzima inarudi.

#11 KichwaNgumu
Iweke kwenye kichwa, D1, si D2:

={"Jumla";ARRAYFORMULA(IF(B2:B="","",B2:B*C2:C))}

Sababu ni kupanga data. Ukipanga A hadi Z, mstari wa 2 unahamia mstari wa 900 na fomula yako inaondoka nao. Ikiwa D1 na mstari wa 1 umegandishwa, haihami. Pia mtu akifuta mstari wa 2 mzima, hafuti hesabu za kolamu nzima.

#12 seli_tupu
Na wenye shiti inayopokea majibu ya Google Forms waisome mara mbili hiyo ya #11. Jibu jipya halijazi mstari mtupu uliokuwepo, linachomeka mstari mpya. Fomula ulizoburuta mapema hadi mstari wa 1000 zinasukumwa chini, na mstari wa jibu unabaki bila fomula. Ndiyo maana mtu analalamika "nilishaburuta mpaka chini lakini inaruka". Hakuna kuburuta kutakakotibu hilo.

#13 NuktaMkato
Angalizo kabla watu hawajaanza kulia. Kama mipangilio ya nchi kwenye shiti yako inatumia mkato kwa desimali, basi ndani ya fomula mkato unageuka nuktamkato: IF(B2:B="";"";B2:B*C2:C). Ile nuktamkato iliyo ndani ya mabano ya kikunjo haibadiliki, maana yake ni "weka chini yake". Kinachobadilika mle ni kitenganishi cha kwenda pembeni, kinakuwa \. Nusu ya makosa ya kunakili fomula kutoka mtandaoni ni hiki tu.

#14 SifuriSiTupu
MojaKwaWote, fomula yako ina mtego. Alama "" si utupu, ni maandishi yenye urefu wa sifuri. COUNTA, inayohesabu seli zenye kitu, kwenye D itahesabu mistari yote mpaka mwisho wa shiti, na ukienda mwisho wa data kwa Ctrl na mshale wa chini utajikuta kuzimu. Kwenye Sheets acha sehemu hiyo wazi:

=ARRAYFORMULA(IF(B2:B="",,B2:B*C2:C))

Mikato miwili iliyofuatana. Hapo seli inakuwa tupu kwelikweli.

#15 F9
Sheets tu! Kwenye Excel ukiacha wazi hivyo unapata 0, si utupu. Excel haina njia ya fomula kurudisha seli tupu kabisa. Huko utabaki na "".

#16 SifuriSiTupu
Sahihi, nilikuwa naongelea Sheets.

#17 KolamuNdefu
Nimerudi. Mstari wa 218: A, B na C zote zina kitu. Chujio halipo. Kompyuta inayogoma ni Excel 2007, nyingine ni mpya. Kwa hiyo sielewi nani ameshinda.

Ctrl+T imejaza mpaka mwisho, asante Bi_Jedwali. Lakini kwenye faili jingine lisilo na jedwali nimetumia Ctrl+D, fomula zimeshuka, namba za mistari ndani ya fomula ni sahihi, ila majibu yote ni yaleyale ya D2. Mistari 3,000 yenye jibu moja.

#18 F9
Hesabu zako ziko kwenye hali ya mkono. Fungua Formulas, Calculation Options, uone kama tiki iko Manual. Bonyeza F9, majibu yatabadilika papo hapo. Kisha rudisha Automatic.

Watu hawajui kuwa hali hii haikai kwenye faili moja. Excel inaichukua kutoka faili la kwanza ulilofungua tangu uwashe programu, na kila faili linalofuata linafuata hali hiyo. Ukilihifadhi, nalo linaibeba. Ndiyo maana leo inafanya kazi, kesho haifanyi, kwenye kompyuta ileile. Tafuta lile faili zito ambalo mtu alilizimia hesabu ili lisimchoshe.

#19 MzeeWaDola
Au ameweka dola. =$B$2*$C$2 ikishuka inabaki ileile. Dola ni kwa kitu kisichohama, kama kiwango cha kodi kilichoko F1: =B2*C2*$F$1. Ukiwa ndani ya fomula, F4 inazungusha hali nne: zote zimefungwa, mstari tu, kolamu tu, hakuna.

#20 F9
Mzee, amesema namba za mistari ndani ya fomula ni sahihi. Soma swali kwanza, jina lako linakuponza.

#21 MzeeWaDola
😂 Haya.

#22 PembeTatu
Kuhusu 217 kwenye 2007: je, herufi ulizotuandikia ndizo zilizo kwenye shiti, au umezirahisisha? Kama kuna kolamu iliyofichwa kati ya bei na fomula, jirani wa kushoto anayeangaliwa ni ile iliyofichwa, si ya bei. Fichua kolamu zote uone. Pia angalia seli zilizounganishwa. Hizo huvuruga karibu kila kitu kinachohusu kujaza.

#23 KasukuWaShiti
Seli zilizounganishwa zipigwe marufuku. Hiyo ndiyo hoja yangu na nimemaliza.

#24 Mwaga_Mwenyewe
Mbona hakuna aliyetaja kumwagika? Kwenye Excel 2021 na Microsoft 365 huhitaji ARRAYFORMULA wala kuburuta. Andika D2:

=B2:B12001*C2:C12001

Enter. Majibu yanamwagika chini yenyewe na yanazungukwa na mpaka mwembamba wa bluu ukibofya ndani yake. Ukitaka kuirejelea kolamu yote iliyomwagika, andika D2#.

Makosa matatu. Ukiandika =B:B*C:C kwenye D2 unapata #SPILL!, kwa sababu kolamu ina mistari 1,048,576 na umeanza wa pili, kwa hiyo wa mwisho hauna pa kukaa. Seli yoyote yenye kitu njiani, #SPILL! tena. Na la tatu, ambalo Bi_Jedwali hatalipenda: ndani ya jedwali la Ctrl+T kumwagika hakuruhusiwi. Uchague moja.

Kuhusu mistari mipya, Microsoft 365 za karibuni zina nukta ya kupunguza: =B2:.B20000*C2:.C20000. Nukta baada ya nukta mbili inakata seli tupu za mwisho, kwa hiyo unaweka kikomo kikubwa bila kuzaa sifuri elfu nane.

#25 Bi_Jedwali
Sipendi na sitapenda. Fomula moja inayotawala mistari 12,000 ni mlango mmoja. Mtu akiigusa D2 vibaya, vyote vinaondoka. Na ukitaka kubadili mstari mmoja tu kwa sababu halali, huwezi.

#26 Mwaga_Mwenyewe
Hiyo ndiyo faida yenyewe. Huwezi kuandika namba ya mkono katikati kimyakimya. Jedwali lako linaweka pembetatu ya kijani, langu linalipuka kolamu nzima. Afadhali mlipuko kuliko jumla ya uongo.

#27 KichwaNgumu
Wote wawili mna haki, inategemea nani anagusa shiti. Zikiwa data za kuingizwa na watu wengi, mlipuko wa #REF! au #SPILL! saa nne asubuhi unasimamisha kazi ya kila mtu.

#28 HerufiNA
Kwa wanaofuata njia ya MojaKwaWote, jihadharini na AND na OR. Ndani ya ARRAYFORMULA, AND(B2:B>10,C2:C>0) haiangalii mstari kwa mstari, inachukua kolamu zote mbili na kutoa jibu moja, TRUE au FALSE, na linarudiwa mpaka chini. Badala ya AND zidisha: (B2:B>10)*(C2:C>0). Badala ya OR jumlisha. SUM na MAX nazo ni hivyohivyo, zinameza kila kitu. VLOOKUP na SUMIF zinakwenda mstari kwa mstari bila tabu. Ukitaka MAX ya kila mstari tumia BYROW:

=BYROW(B2:C500,LAMBDA(m,MAX(m)))

Inakubali Sheets na Microsoft 365.

#29 JumlaEndelevu
Naomba kuchepuka kidogo. Jumla inayoongezeka mstari kwa mstari, ile ya salio, mnaijazaje?

#30 PembeTatu
=SUM(D$2:D2) ukishusha. Dola kwenye 2 ya kwanza tu.

#31 F9
Kwa mistari 200 sawa. Kwa 10,000, mstari wa mwisho unajumlisha seli 10,000, wa kabla yake 9,999, na kuendelea. Ukizijumlisha ni zaidi ya milioni 50 za kujumlisha kila D2 inapobadilika. Ndipo watu wanapozima hesabu kwa mkono, na tunarudi #18.

=N(E1)+D2 kwenye E2 ni nyepesi, kila mstari unajumlisha mara moja. N inageuza kichwa cha E1 kuwa sifuri ili usipate #VALUE!. Udhaifu: ukifuta mstari wa katikati, unaofuata unapata #REF! na kosa linateremka hadi mwisho.

#32 Mwaga_Mwenyewe
=SCAN(0,D2:D12001,LAMBDA(a,b,a+b)). Fomula moja, nyepesi, kufuta mstari hakuivunji.

#33 Bi_Jedwali
Ndani ya jedwali: =SUM(INDEX([Jumla],1):[@Jumla]). Uzito ni uleule wa #30, lakini mistari mipya inajijaza vizuri. Ukiandika marejeo ya kawaida kama D$2:D2 ndani ya jedwali, mstari mpya unaweza kuharibu mwisho wa eneo kwenye mstari uliotangulia.

#34 mwenye_Calc
Yule mwenzake wa LibreOffice mmemsahau, kama kawaida. Calc: chagua D2:D12001 kwenye kisanduku cha jina, andika =B2*C2, bonyeza Alt+Enter. Si Ctrl+Enter. Ctrl+D inafanya kazi, na kimraba kinabofywa mara mbili pia. Ctrl+Shift+Enter inatengeneza fomula ya safu (array), yaani moja inayomiliki eneo zima, yenye mabano ya kikunjo. Ukishaitengeneza huwezi kubadili seli moja ndani yake, lazima uchague eneo lote kwa Ctrl+/ kwanza.

Usichague kolamu nzima kwa kubofya herufi D kisha Alt+Enter. Utaandika fomula mara 1,048,576, na kuhifadhi faili kutakuwa safari.

Faili likitoka Excel na jedwali la Ctrl+T, usitegemee mstari mpya kwenye Calc ujijaze. Yeye ataburuta.

#35 KichwaNgumu
Basi jibu la mtoa mada limeanguka. Jedwali linajijaza Excel tu, ARRAYFORMULA ni jina ambalo Excel hailijui, kumwagika hakupo kwenye 2007. Kwa programu tatu kwa pamoja, fomula ya kawaida iliyojazwa mapema yenye IF ndiyo pekee inayopita kote: =IF(B2="","",B2*C2), uishushe hadi mstari wa 20,000, uisahau.

#36 SifuriSiTupu
Ukiisahau, COUNTA itakukumbusha.

#37 seli_tupu
Kuna jambo moja Excel inalifanya bila jedwali na halijatajwa. Kwenye Options, Advanced, kuna tiki ya kuendeleza miundo na fomula za data. Ikiwa imewashwa, ukiandika mstari mpya chini, Excel inaweza kujaza fomula yenyewe, ilimradi fomula hiyo ionekane angalau kwenye mistari mitatu kati ya mitano iliyotangulia. Ndiyo maana wengine huapa kwamba "Excel yangu inajaza yenyewe bila Ctrl+T". Hawadanganyi. Lakini ukibandika data kwa wingi badala ya kuiandika, usiitegemee.

#38 KasukuWaShiti
Kumbe miaka yote hii ilikuwa tiki.

#39 MzeeWaDola
Kwa wanaonicheka kuhusu dola: VisiCalc, programu ya shiti ya mwaka 1979, haikuwa na dola. Ulikuwa unatoa amri ya kurudufu fomula, nayo inakuuliza kwa kila rejeo moja moja: libaki lilivyo, au lifuate mstari? Fomula yenye marejeo sita, maswali sita. Dola iwe na heshima yake.

#40 NuktaMkato
Tukirudi kwenye shiti: fomula ikionekana kama maandishi, yaani seli inaonyesha =B2*C2 badala ya jibu, mambo mawili. Ikiwa shiti nzima iko hivyo, mtu amebonyeza Ctrl na kile kitufe kilicho chini ya Esc, bonyeza tena. Ikiwa ni kolamu moja, ilikuwa na muundo wa maandishi kabla ya kuandika. Kubadili muundo kwenda General hakutoshi, lazima kila seli iandikwe upya: F2 halafu Enter kwenye ya kwanza, kisha ishushe tena.

#41 KolamuNdefu
F9 umepatia, ilikuwa hali ya mkono. Kolamu iliyofichwa pia ipo kwenye lile faili la kwanza, ni nakala ya C iliyofichwa kando yake (herufi niliwarahisishia, fomula iko E), na ina tundu mstari wa 218. PembeTatu heshima. Ila nimeifichua, nikajaza tundu, na kwenye 2007 sasa inasimama mstari wa 5,640.

#42 MzeeWaDola
Tundu jingine.

#43 seli_tupu
Chagua hiyo kolamu, bonyeza F5, Special, Blanks. Zitajionyesha zote.

#44 PembeTatu
Au seli iliyounganishwa hapo 5,641. Tuma picha ya mistari 5,635 hadi 5,645, vichwa vya kolamu vionekane.